Cheche ya leza ya mjomba: je, mna mwale wa ayoni ndani yake?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa fizikia, na likizo hii niko nyumbani Malindi. Mjomba ana karakana ndogo ya kuchora majina kwenye vikombe, vishikio vya funguo za hoteli na vibao vya shaba, kwa mashine ya leza ya faiba ya wati 20. Kila leza ikigusa metali hutoka cheche nyeupe yenye mlio mkali. Nimesoma kwamba leza ikipiga metali huzaa plazma, yaani gesi moto ya elektroni huru na ayoni (atomu zilizopoteza elektroni), na kwamba kutoka kwenye plazma hiyo watu hupata mwale wa ayoni. Je, cheche ya mjomba ni plazma hiyo hiyo? Mbona basi hatuoni mwale wowote? Na hao wanaoutengeneza hujuaje ayoni zao zina nishati gani, ilhali hazionekani kwa macho? Natamani mradi wangu wa mwisho uwe juu ya jambo hili.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Naam, cheche ile ni plazma, na ayoni zimo. Twende kwa hesabu ili usilichukue neno langu hivi hivi. Mashine za aina hiyo hutoa mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 1064 au karibu na hapo, kwa mipigo ya takriban nanosekunde 100, na kila mpigo hubeba hadi milijuli 1 hivi. Milijuli 1 ikitoka ndani ya nanosekunde 100 ni kilowati 10. Lenzi hukusanya mwanga wote huo kwenye doa la kipenyo cha mikromita 50 hivi. Gawanya kilowati 10 kwa eneo la doa hilo, utapata kama wati milioni 500 kwa kila sentimita mraba. Metali nyingi huanza kutoa plazma zikipigwa na wati milioni 100 au zaidi kidogo kwa sentimita mraba. Kwa hiyo mjomba wako amevuka kizingiti siku nyingi, anapoandika tu jina la hoteli kwenye kishikio cha funguo.

Kinachotokea pale ni hiki. Elektroni huru za metali hufyonza mwanga na kuzipa atomu joto. Uso wa metali huchemka na mvuke huruka juu. Mpigo wenyewe bado haujaisha, kwa hiyo mkia wake unaukuta mvuke umesimama njiani. Elektroni chache zilizo huru ndani ya mvuke zinagongana na ayoni, na katika kila mgongano zinafyonza mwanga zaidi, mpaka zinapata nguvu ya kung'oa elektroni nyingine kwenye atomu zilizobaki. Punde mvuke wote unakuwa plazma yenye joto la nyuzi elfu kadhaa, pengine makumi ya maelfu. Mlio unaousikia ni hewa iliyosukumwa ghafla na plazma hiyo ikitanuka.

Sasa, mbona hakuna mwale? Kwa sababu ya hewa. Ndani ya hewa ya kawaida ya Malindi, chembe husafiri wastani wa nanomita 68 tu kabla ya kugongana na nyingine. Ayoni ikizaliwa kwenye kikombe cha mjomba imeshagongana mara nyingi mno kabla haijafika umbali wa unene wa unywele, imepoteza kasi, na karibu yake kuna elektroni ya kuirudisha kuwa atomu ya kawaida. Ukiipunguza hewa mpaka shinikizo la milibari 1, umbali huo unakuwa kama mikromita 70. Kwenye milibari 0.001 ni sentimita 7 hivi. Ukishuka mpaka sehemu moja ya milioni ya milibari, chembe inaweza kwenda karibu mita 70 bila kugusa kitu, na hapo ndipo chombo cha urefu wa mita 2 kinapoanza kufaa. Ndiyo maana kwenye maabara yoyote ya kazi hii, kitu cha kwanza kukiona ni tangi la chuma cha pua na pampu zake: pampu ya mzunguko ya kuondoa hewa nyingi kwanza, kisha pampu ya turbo ambayo mapanga yake huzunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika. Leza ni sehemu tu ya gharama. Unyevunyevu wa pwani nao ni adui mkubwa hapa, maana molekuli za maji hung'ang'ania kuta za tangi kwa ndani na kuachia polepole. Tangi lililofunguliwa siku ya mvua ya masika huchukua muda mrefu kukauka, na watu hulipasha moto kwa nje ili kuharakisha.

Ila ombwe, yaani nafasi iliyoondolewa hewa, peke yake halikupi mwale. Plazma inapotanuka kwenye ombwe, elektroni, kwa wepesi wake, hutangulia. Zikitangulia huacha chaji chanya nyuma, na tofauti hiyo hujenga uga wa umeme unaozivuta ayoni mbele na kuzizuia elektroni zisikimbie kabisa. Matokeo yake ni wingu linalosafiri kwa kasi kubwa, makumi ya kilomita kwa sekunde, ayoni na elektroni pamoja, na kwa jumla halina chaji. Kwa uga huo, ayoni iliyopoteza elektroni tatu huvutwa kwa nguvu mara tatu ya iliyopoteza moja, ndiyo maana ayoni zenye chaji kubwa huelekea kufika mwanzo.

Ili upate mwale hasa, lazima uzitenge ayoni na elektroni. Njia ya kawaida ni kuiacha plazma itembee umbali fulani ipungue msongamano, kisha kuipitisha kwenye bamba lenye tundu, ambapo kuna volteji kubwa, tuseme volti 20,000, kati ya upande wa plazma na bamba la pili. Ayoni zinasukumwa mbele, elektroni zinarudishwa. Ayoni ya shaba yenye chaji moja inatoka hapo na kasi ya kilomita 247 kwa sekunde hivi, na yenye chaji mbili kilomita 350. Kiasi cha mkondo unachoweza kukivuta kina mpaka wake, kwa sababu ayoni zenyewe zinasukumana: ukiongeza volteji mara mbili, mpaka unapanda kama mara 2.8, ukiongeza nafasi kati ya mabamba mara mbili, unashuka hadi robo. Wenye haraka husogeza mabamba karibu sana na shabaha, yaani metali inayopigwa na leza, plazma inafika ikiwa bado nzito, na umeme unaruka kati ya mabamba kama radi ndogo. Subira ya sentimita chache zaidi huokoa vifaa.

Nimefika kwenye kipimo, na hapa nataka tukae kitako, maana kuzaa ayoni ni rahisi na mjomba wako anazizaa kutwa. Kuzijua ndiyo fani.

Chombo cha kwanza ni kikombe cha Faraday. Ni mrija wa metali uliozibwa nyuma, kina chake kirefu kuliko upana, mbele kuna tundu la milimita chache, na waya unakwenda kwenye osiloskopu, chombo kinachochora kwenye kioo jinsi volteji inavyobadilika kwa muda, kupitia ukinzani wa omu 50. Ayoni ikiingia na kugusa ukuta, chaji yake inapita kwenye waya. Osiloskopu ikionyesha milivolti 100, mkondo ni miliampia 2. Ukijumlisha mkondo wote kwa muda wake unapata chaji: nanokulombi 16 ni sawa na ayoni bilioni 100, kama kila moja ina chaji moja.

Tazama mstari unaochorwa kwenye kioo. Mwanzoni kabisa kuna mwiba mwembamba. Huo si wa ayoni. Ni mwanga wa urujuanimno, na leza ikiwa na nguvu za kutosha hata eksirei, uliotoka kwenye plazma ukafika kikombeni baada ya nanosekunde 3.3 kwa kila mita, ukang'oa elektroni kwenye metali ya kikombe. Wanaoanza huutaka uondoke, lakini mimi naupenda sana mwiba huo, kwa sababu ndio saa sifuri yako, pale unapoanzia kuhesabu muda wa safari ya ayoni. (Wewe wa Malindi una haki ya kujua kwamba setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya kupima eksirei za angani, Uhuru, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini pale Ngomeni, tarehe 12 Desemba 1970. Eksirei nyingi ilizoziona zilitoka kwenye plazma yenye joto kali, ndugu mkubwa wa hii tunayoizungumzia.)

Baada ya mwiba kioo kinatulia, kisha baada ya mikrosekunde kadhaa mlima mpana unapanda. Hizo ndizo ayoni. Tuseme hujaweka ile volteji ya kuzivuta ayoni, wingu linatanuka lenyewe, kikombe kiko mita 1 kutoka kwenye shabaha na kilele cha mlima kiko kwenye mikrosekunde 20. Mita 1 kwa mikrosekunde 20 ni kilomita 50 kwa sekunde. Mpigo wa leza za maabara huchukua nanosekunde chache tu, kwa hiyo unaweza kuhesabu kwamba ayoni zote ziliondoka kwa pamoja. Nishati ni nusu ya tungamo mara kasi kipeo cha pili. Ikiwa ayoni ni ya shaba, hiyo ni elektronivolti 816 hivi (elektronivolti 1 ni nishati ambayo chembe ya chaji moja huipata ikisukumwa na volti 1).

Lakini nani amekwambia ni shaba? Kama ni alumini, kasi hiyo hiyo ni elektronivolti 350. Kama ni kaboni, 155. Ni sawa na kuyasubiri darajani Kilifi magari yaliyotoka stendi ya Malindi kwa pamoja: saa yako inakwambia kila moja lilikuja kwa kasi gani, ila haikwambii lipi ni lori la saruji na lipi ni pikipiki. Kikombe kinahesabu chaji na muda tu. Ripoti inayotaja nishati ya ayoni kwa kikombe peke yake, bila kusema ilijuaje aina ya ayoni na chaji yake, mimi huiweka kando.

Kuna udanganyifu mwingine mdogo unaoharibu vipimo vingi. Ayoni ikigonga ukuta wa kikombe hung'oa elektroni, na elektroni ikitoka kikombeni, osiloskopu inaona kama chaji chanya imeingia. Unahesabu ayoni ambazo hazipo. Dawa yake ni pete yenye volteji hasi kwenye mdomo wa kikombe, tuseme volti 50 hadi 100 hasi, inayozirudisha elektroni za ndani zisitoke na kuzizuia elektroni za plazma zisiingie. Usichague volteji kwa kubahatisha. Ipandishe hatua kwa hatua, chora usomaji wa kila hatua, na ufanye kazi pale usomaji unapoacha kubadilika. Usomaji usipotulia hata kidogo, plazma yako bado ni nzito mno mbele ya tundu: sogeza kikombe nyuma au punguza tundu.

Na jaribio hili lifanye kila mara kabla hujaamini chochote. Pima kwenye sentimita 50, kisha kwenye mita 1. Wingu likitanuka huru, muda wa mlima unaongezeka mara mbili na kimo chake kinashuka hadi sehemu moja ya nane. Kikishuka hadi nusu tu, kuna kitu kinakudanganya, iwe elektroni, iwe kikombe kilichojaa, iwe hewa iliyobaki tangini.

Wanaotaka kujua aina ya ayoni huweka njiani kichambuzi cha umeme: mabamba mawili yaliyopinda, moja ndani ya jingine, yenye volteji kati yao. Ayoni inayopita kona bila kugonga ukuta ni ile tu ambayo nishati yake, ikigawanywa kwa chaji yake, inalingana na volteji uliyoweka. Kama mapindo yana nusu kipenyo cha sentimita 9.5 na 10.5, volti 100 zitapitisha elektronivolti 500 kwa kila chaji. Shaba yenye chaji moja inapita ikiwa na 500, yenye mbili ikiwa na 1000, yenye tatu ikiwa na 1500. Zote zinapita kona ile ile, ila hazifiki wakati mmoja. Kwa safari ya mita 1.5, yenye tatu inafika kwenye mikrosekunde 22, yenye mbili kwenye 27, yenye moja kwenye 38. Mlima mmoja mpana uliouona kwenye kikombe sasa umegeuka vilele vitatu, kila kimoja na jina lake.

Na katika mipigo ya kwanza juu ya shabaha mpya utaona vilele viwili usivyovitarajia, kimoja kabla ya mikrosekunde 5 na kingine karibu na 17. Cha kwanza ni hidrojeni, cha pili ni kaboni. Vimetoka kwenye maji na mafuta yaliyokaa juu ya metali, pamoja na jasho la vidole vya aliyeifunga. Ukiendelea kupiga pale pale, uchafu unaisha na vilele vinazama. Usikae sana mahali pamoja, hata hivyo: shimo linachimbika, plazma inabanwa na kuta zake, na mwale unabadilika bila wewe kugusa kitu. Ndiyo maana shabaha huzungushwa au kusogezwa.

Kuna chombo kingine cha zamani kinachopendwa hadi leo, cha mwanafizikia J. J. Thomson, ambamo uga wa umeme na wa sumaku huelekezwa upande mmoja, na kila aina ya ayoni huchora mstari wake uliopinda kwenye sahani. Kwa njia hiyo, karibu na mwaka 1912, aliona mistari miwili ya neoni, wa tungamo 20 na wa 22. Leo chombo hicho hutumika zaidi kwa leza kubwa sana, ambako nishati hupimwa kwa mamilioni ya elektronivolti. Hapo shabaha ni karatasi nyembamba ya metali, na leza hupiga kwa wati zaidi ya bilioni bilioni kwa sentimita mraba. Mipigo hiyo iliwezekana kwa mbinu ya Donna Strickland na Gérard Mourou ya mwaka 1985, ya kuunyoosha mpigo, kuukuza, kisha kuubana tena. Iliwapa Nobeli mwaka 2018. Elektroni hutokea upande wa pili wa karatasi kwa fujo na kujenga uga mkali unaozing'oa protoni. Mwaka 2000 maabara ya Livermore, Marekani, ilitangaza protoni za hadi elektronivolti milioni 58. Na protoni hizo kwenye shabaha za metali hutoka wapi? Kwenye uchafu ule ule wa maji na mafuta. Kinachokuudhi kwenye mashine ndogo ndicho kinachovunwa kwenye kubwa.

Usidhani leza ndogo ni mchezo, hata hivyo. Maabara ya Brookhaven, Marekani, tangu 2014 hutumia leza kupiga shabaha za metali mbalimbali na kupata ayoni wanazozipeleka kwenye mashine zao kubwa, na baadhi hutumika kuchunguza jinsi mnururisho wa angani unavyodhuru chembe hai. Faida yake ni kwamba ukitaka ayoni ya chuma badala ya dhahabu, unasogeza tu mwanga wa leza kutoka shabaha moja hadi nyingine.

Sasa mradi wako. Kujenga tangi la ombwe nyumbani usijaribu, na volti 20,000 usiziguse bila msimamizi aliyezizoea. Lakini cheche ya mjomba ina kitu kimoja kinachopimika ndani ya hewa: mwanga wake. Kila metali hutoa rangi zake maalumu ndani ya plazma, na kuzisoma rangi hizo ni nusu ya elimu hii. Chukua DVD kuukuu, tenganisha matabaka yake, kata kipande cha plastiki angavu. Mifuo yake iko nanomita 740 mmoja kutoka kwa mwingine, inatosha kutawanya mwanga. Ibandike mbele ya kamera ya simu, ndani ya boksi jeusi lenye ufa mwembamba wa wembe upande wa pili.

Kabla ya hilo, macho. Nanomita 1064 haionekani. Macho yako hayatapepesa, hutahisi maumivu, na lenzi ya jicho lako itaikusanya juu ya retina kama lenzi ya mashine inavyofanya juu ya kikombe cha mjomba. Shaba iliyong'arishwa huirudisha kwa pembe yoyote. Miwani ya jua haifai kitu, wala ya kuchomelea usiitegemee. Nunueni miwani iliyoandikwa kwamba inakinga 1064, wewe na mjomba na yule kijana wa pale karakanani. Simu ikae pembeni ndani ya kizimba cha mashine, isielekee njia ya leza, irekodi yenyewe mlango ukiwa umefungwa. Na feni ivute moshi kuutoa nje, kwa sababu moshi wa shaba nyeupe, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, una zinki na wa chuma cha pua una kromu.

Anza na chumvi. Paka metali maji ya chumvi kidogo, ile ya Gongoni inatosha, iache ikauke. Mstari wa njano wa sodiamu, nanomita 589, utakuwa alama yako ya kwanza ya kipimo. Kisha piga waya safi wa umeme wa shaba: tafuta mistari mitatu ya kijani, 510.6, 515.3 na 521.8. Tayari una alama nne, na unaweza kuchora uhusiano kati ya nafasi kwenye picha na urefu wa wimbi. Mwisho piga vishikio vya funguo ambavyo mjomba huuziwa kama shaba. Ikionekana mistari mitatu ya buluu kwenye 468.0, 472.2 na 481.1, mna zinki humo. Kila picha iandikie nguvu ya mashine, marudio ya mipigo na umbali wa lenzi, kwa sababu lenzi ikiwa mbali na mahali pake kwa milimita chache tu cheche hubadilika kuwa mng'aro wa metali ya moto na mistari inafifia. Ukiipata hiyo ya zinki, nitumie picha zikiwa ghafi, kabla hujazirekebisha rangi.